Mwanya wa Nyumbu

Nyumba yetu ya Kitengela imekaa upande ndani ya ploti kama kofia ya mlevi, na kila mgeni anayeingia huniuliza fundi alikuwa nani. Fundi hakuwa na kosa. Aliyemwambia ajenge hivyo ni mume wangu, na sababu yake ilikuwa nyumbu.

Tuliponunua hapa kulikuwa na nyasi, udongo mweusi unaokuvua viatu mvua ikinyesha, na miti mifupi ya miiba. Upande wa kaskazini kulikuwa na shamba la jirani mmoja Mmaasai, kisha bonde la mto, na ng'ambo ya mto ni mbuga ya wanyama. Mbuga ile ina ua kila upande isipokuwa huu wa kwetu. Dalali hakututajia hilo. Alitutajia barabara, maji, na stima ambayo ilikuwa njiani kufika. Kulikuwa na njia iliyokata ploti kutoka kona hadi kona, ngumu kama sakafu, nayo akasema ni ya ng'ombe.

Mvua za kwanza zilitukuta tukiishi kwenye chumba cha mabati. Alfajiri moja nikasikia vikombe vikigongana kwenye sinia, nikadhani ni lori la mawe limepotea njia. Nilipofungua mlango, nyumbu walikuwa wakipita. Walikuja mmoja nyuma ya mwingine, vichwa chini, wakiguna. Mguno wa nyumbu hautishi. Ni mguno wa mtu aliyeulizwa swali naye hana hamu ya kulijibu. Walipita kando ya kamba yangu ya nguo bila kunitazama, punda milia wakawafuata, na harufu yao ikabaki hewani hadi saa ya chai. Mume wangu alisimama nje bila shati, mswaki mdomoni, na hakuutoa mpaka mnyama wa mwisho alipotokomea.

Tulikuja kuelewa baadaye. Mvua ikianza, wanyama hutoka mbugani, huvuka mto, huja kuzaa kwenye tambarare za huku Kajiado ambako nyasi ni fupi na simba huonekana kutoka mbali. Kiangazi kikikaza hurudi mtoni. Njia waliyokuwa wakipita ilikuwa pale kabla ya ramani ya dalali.

"Tumenunua ardhi," mume wangu alisema. "Njia hatukununua."

Nikamwambia kwamba kwenye hati sioni mahali palipoandikwa nyumbu. Lakini yeye alikuwa mtu wa aina hiyo. Mchana kutwa alikuwa karani katika ofisi moja ya Nairobi isiyo na dirisha, na akirudi alitaka kitu kisichokuwa na muhuri. Akapanda ua wa miti ya miiba ya kayaba pande zote, akaacha mianya miwili, mmoja upande wa mtoni na mwingine upande wa tambarare, na nyumba akaisukumia pembeni ili isikae njiani. Ndugu zake walipokuja kutoka Magharibi kutuona, walicheka hadi wakashika mbavu. Mtu anajenga ua, wakasema, halafu anaacha milango ya fisi.

Kwenye mwanya wa mtoni palikuwa na mti mmoja wa miiba ambao Wamaasai huuita eluai. Si mti wa kupendeza. Hauna kivuli cha maana, na kwenye miiba yake kumevimba vifuko vyeusi, vikavu, vitupu ndani, ambamo sisimizi hukaa. Sisimizi hutoboa vifuko hivyo, na upepo ukipita kwenye matundu mti wote hupiga mluzi. Twiga alikuwa akija kuutafuna, sisimizi wakimvamia mdomoni, anatikisa kichwa na kwenda zake kama mtu aliyetukanwa dukani. Niliomba mti huo ukatwe zaidi ya mara moja. Mume wangu alisema ndio bawabu wetu.

Jirani yetu wa upande ule wa mtoni ni mwanamke mzee, mjane, na watoto wangu walimwita koko, ambalo kwa Wamaasai ni nyanya, nami nikafuata. Aliniletea maziwa. Akifika getini husema, "Takwenya," nami huitikia, "Iko," kwa ulimi wangu wa Vihiga, naye hucheka kila mara kana kwamba hajawahi kunisikia. Yeye ndiye aliyetufundisha mimea ya hapa. Leleshwa, ambayo majani yake ukiyasugua yana harufu ya dawa na vijana walikuwa wakiyatia kwapani wakienda kutembelea wasichana. Maua meupe yanayotokea chini kabisa, juu ya udongo mweusi, siku chache baada ya mvua, membamba kiasi kwamba unadhani mtu amepita akitupa karatasi. Nyasi nyekundu ambazo ng'ombe huzipenda zikiwa changa na kuzinunia zikizeeka. Mume wangu aliyashika yote. Mimi nilishika yale yanayopikika.

Na wanyama koko aliwataja wote kwa Kimaasai, mmoja mmoja, akiwanyooshea fimbo. Nyumbu alikuwa na jina lake zuri ambalo nililiweza baada ya kuchekwa sana. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, kwa hiyo kuchekwa nilikuwa sijakuzoea.

Miji hukua pole pole, halafu siku moja unakuta imekuzunguka. Upande wa tambarare kulikuja nyumba za kupanga, ghala, machimbo ya mawe, na ploti zilizozungushiwa waya hata kabla ya mtu kujua atajenga nini. Nyumbu wakaanza kuja wachache, wakizungukazunguka, wakisimama katikati ya ploti yetu kama waliosahau walichotumwa. Mwaka mmoja mama nyumbu alijaribu kuruka waya mpya ng'ambo ya barabara, akanasa miguu ya nyuma. Mtoto wake alisimama kando akimlilia. Mume wangu alikimbia nyumbani kuchukua koleo la kukatia waya. Aliporudi, watu wa panga walikuwa wamefika na wanagawana nyama, na wengine wanapiga picha kwa simu.

Alirudi na koleo mkononi, akaliweka mezani karibu na sahani yake, asile. Mtoto wa nyumbu hatukumwona tena. Mwaka uliofuata mvua zilinyesha vizuri, maua meupe yakatoka, nasi tukakaa barazani kila alfajiri na chai yetu, na hakuna aliyepita. Mwaka wa pili vilevile. Ndipo nilipogundua kwamba koko ameacha kulitaja lile jina lao la Kimaasai. Ukimuuliza habari za nyumbu anasema "wale." Nilidhani ni uzee.

Kisha mume wangu akaugua. Sukari ndiyo iliyomwondoa, kuanzia miguuni. Tulimpeleka kwao, tukamzika karibu na baba yake kwenye udongo mwekundu, chini ya mvua ya kwetu ambayo haijui kuchelewa. Watoto walitaka nibaki kule. Nilikataa. Siku za mwisho, miguu ikiwa haimfai tena, alikuwa akiomba kiti chake kigeuzwe kitazame mwanya wa mtoni, na jambo alilonisisitizia ni kwamba mianya isifungwe. Hakusema mengine ya maana, au aliyasema nikiwa nimetoka kuchemsha maji. Nilirudi Kitengela kwa ajili ya hilo moja.

Nataka niseme mapema, ili nisije nikadhaniwa mjinga: mume wangu hakujua kupiga mluzi. Alijaribu maisha yake yote akatoa pumzi tupu. Kwa hiyo niliporudi kwenye nyumba tupu na eluai ukaanza kupiga mluzi mchana kweupe, sikusema ni yeye. Nilijua ni sisimizi na upepo.

Mbwa ndiye aliyenisumbua.

Tuna mbwa mmoja wa rangi ya udongo, mvivu, ambaye hubwekea hata kuku. Jioni, jua likianza kushuka nyuma ya milima ya Ngong, alikuwa akikaa mlangoni mwa jikoni, masikio juu, akitazama mwanya wa mtoni. Kisha kichwa chake kilianza kugeuka. Taratibu, kutoka mwanya wa mtoni, kikifuata njia, mpaka mwanya wa tambarare. Halafu kikarudi mtoni na kuanza upya. Hakubweka. Hakunguruma. Alifanya hivyo kwa muda mrefu, kama anayetazama msafara, na giza likiingia alilala.

Koko alikuwa ameketi nami siku moja alipoliona jambo hilo. Aliweka kikombe chini.

"Wanapita," akasema.

"Nani anapita, koko? Mimi sioni kitu."

"Wale."

Mimi nilifundisha darasani miaka mingi, na kitu nisichokiona hukitafutia ushahidi. Jioni iliyofuata nilichukua majivu ya jiko, nikayamwaga kukata njia, nikayasawazisha kwa ufagio. Mbwa akatazama msafara wake. Asubuhi majivu yalikuwa vilevile, hata unyayo wa panya haukuwapo. Nikamwita koko aje aone kwamba hakuna kitu. Alicheka mpaka shanga zake zikalia.

"Mwalimu, unatafuta miguu? Miguu ilibaki kwa waya."

Nilifagia majivu yale. Lakini tangu siku hiyo nikawa sianiki nguo njiani jioni, na kama niko kwenye bustani ya sukuma upande wa pili, nilisubiri mbwa amalize ndipo nivuke. Sikumwambia mtu. Nilianza hata kuipenda saa hiyo. Niliona kwamba ahadi niliyomwekea mume wangu ilikuwa na kazi.

Baadaye binti yangu alirudi nyumbani na mtoto mchanga wa kiume. Baba wa mtoto hakuwa mtu wa kutajwa, kwa hiyo jina likawa juu yetu. Na mtoto alilia. Mchana alikuwa mtulivu, lakini jua likishuka alianza, analia hadi anakuwa mweusi, hataki ziwa, hataki kubebwa. Daktari alimtazama, akasema hana ugonjwa. Nikampigia simu shangazi yake mume wangu, kikongwe wa kule nyumbani, naye akakasirika kwamba nimesoma mpaka nimesahau.

"Mwiteni," akasema. "Kuna mtu anataka jina lake. Taja mmoja mmoja, usinong'one. Akinyamaza ndiye huyo."

Ndivyo ilivyo kwetu. Aliyekufa huja kuomba nafasi, na mtoto ndiye mlango. Jioni hiyo tulisimama barazani, binti yangu amembeba mtoto, nami nikaita. Niliita jina la baba yangu, mtoto akalia. Nikaita la kaka yake mume wangu, akazidi. Nilikuwa nimeliacha la mume wangu mwisho kwa makusudi, maana nililiogopa. Nilipoliita, nililiita kwa nguvu, kama nilivyokuwa nikimwita akiwa kwenye kayaba na chakula kimeiva.

Mtoto alinyamaza. Akashika ziwa. Binti yangu akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, nami nikaketi chini pale pale kwenye saruji. Nilifurahi. Sijui neno jingine la kusema. Nilikuwa nimekaa bila mtu wa kumwita, na sasa nilikuwa naye.

Basi ikawa desturi. Kila jioni mtoto akianza, nilitoka barazani na kuliita jina kwa sauti ya mwalimu wa zamu, naye alinyamaza. Sikujiuliza linasikika hadi wapi.

Mambo mawili yalibadilika. Koko aliacha kuja. Maziwa alimtuma mke wa mwanawe, anaacha chupa getini na kuondoka. La pili ni mbwa. Alikaa mlangoni jioni kama zamani, lakini kichwa chake hakikugeuka tena. Alitazama mahali pamoja tu, pale kwenye mti wa eluai, na mkia wake ulikuwa ukipiga sakafu polepole, polepole, kama anavyompigia mtu wa nyumbani.

Nikajilazimisha kutolifikiria. Na tulikuwa na la kufikiria zaidi. Asubuhi moja bakuli la mbwa lilikuwa halipo. Tulilikuta nje ya mwanya wa mtoni limetafunwa, lile bakuli la bati, na nyayo za fisi zikizunguka beseni la kuogeshea mtoto lililoachwa nje usiku.

"Mum, hapana," binti yangu alisema. "Hii imefika mwisho. Niko na mtoto hapa."

Alikuwa na haki. Alimpigia kaka yake simu, na kabla ya wiki kwisha lori lilimwaga mawe ya machimbo getini na fundi akaja kupima. Ukuta wa mawe, kuzunguka ploti yote, bila mwanya. Mwanangu aliniambia kwenye simu, kwa upole, kwamba baba angekubali kama angemwona mjukuu. Nikamwambia nitafikiria, naye akasema fundi anaanza kesho kutwa.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa koko. Alikuwa amenisusa hata kabla ya mawe, lakini nilidhani mawe yamezidisha. Nilimkuta kwenye kivuli cha nyumba yake akisafisha kibuyu kwa kijinga cha mzeituni wa porini, moshi wake ukinukia vizuri kama zamani.

"Takwenya," akasema, lakini hakucheka nilipoitikia.

"Koko, umeninunia? Ni hayo mawe?"

"Mawe ni yako. Mimi sina maneno na mawe."

"Sasa ni nini?"

Alizungusha kijinga ndani ya kibuyu. "Ni hiyo jina. Hiyo unaita jioni."

"Ni jina la mtoto."

"Ya mtoto?" Akaniangalia. "Mimi nilijua mwenye hiyo jina. Alikuwa anakunywa maziwa kwa hiyo stuli umekalia."

Nilisimama bila kukusudia, kisha nikaona aibu, nikaketi tena.

"Sisi mtu akienda, jina yake inaenda na yeye," koko akasema. "Hatuitangi tena. Kama kuna mtu mwingine anaitwa hivyo, tunambadilishia. Kwa sababu ukiita, anageuka. Na wewe unaita kila siku, unaita na nguvu."

"Kwetu tunaita ndio arudi."

"Basi amerudi. Si ni vile ulitaka? Amesimama hapo kwa eluai. Na wale wanakuja mpaka kwa mwanya, wanaona mtu, wanageuka. Mnyama hapiti mahali mtu amesimama. Hata wewe unajua hiyo."

Nilimtazama mikono. Nilikuwa sijamwambia kwamba mbwa sasa anautazama mti tu.

Alimaliza kibuyu, akakifunika. "Vijana wangu wananiuliza, yeyo, mama, hii upande ya mto unaacha wazi ya nini, na mwalimu anafunga? Wewe ukifunga, na wao watafunga. Mimi sasa ni mzee, siwezi kuwakataza peke yangu. Tulikuwa wawili."

Nilirudi nyumbani na hasira. Nilimkasirikia koko, nikamkasirikia mwanangu, na nilipofika kwenye eluai nilikasirika zaidi, kwa sababu nilijikuta nimepunguza mwendo ili nisimgonge mtu. Nilisimama pale. Sisimizi walikuwa wakipanda na kushuka, na upepo ulipiga mluzi wake. Sikuona kitu. Lakini nilijua la kweli lililokuwa moyoni mwangu, na lilikuwa hili: nilitaka asimame pale. Nyumbu walikuwa nini kwangu? Niliwapenda kwa sababu yeye aliwapenda. Kama kuna mmoja wa kubaki nami katika ploti ile, nilimtaka yeye, na wao waende wakatafute njia nyingine.

Hata ukuta niliuona mzuri wakati ule. Ukifungwa, niliwaza, atabaki ndani.

Na hapo ndipo niliposhtuka. Nilikumbuka kiti chake kilichogeuzwa kutazama mwanya, na macho yake siku zile. Alikuwa amekaa ofisi isiyo na dirisha maisha yake yote ya kazi. Nami nilikuwa napanga kumjengea nyingine.

Fundi alikuja jioni hiyo kuvuta kamba ili kesho yake aanze msingi mapema. Alikuwa mtu mnene, mpole, wa kutoka Kiserian, na alivuta kamba kuanzia kona hadi alipofika mwanya wa mtoni, akasimama kigingi mkononi.

"Mama, mtoto wako amesema tufunge. Lakini hii ploti ni yako. Tunafunga ama tunaacha?"

Kabla sijajibu, mtoto alianza. Jua lilikuwa limegusa milima. Binti yangu alitoka naye barazani, amechoka, nywele hazijachanwa.

"Mum, mwite."

Nilipanda barazani. Mbwa alikuwa mlangoni, anatazama eluai, mkia unapiga sakafu. Nilifungua mdomo. Jina lilikuwa pale pale, kwenye ulimi, lina uzito wake ule ule.

"Mum! Mwite, si unaona vile analia?"

Sikuita. Nilitazama mti, na nikasema kwa sauti ya chini, kwa lugha yetu ya nyumbani, kama nilivyomwambia mara nyingi jikoni akiwa amenizibia jiko: "Songa kidogo. Songa, wapite."

Mtoto alilia. Alilia mpaka sauti ikakwaruza, ngumi zake ndogo zikipiga hewa, na binti yangu akanitazama kwa macho ambayo sitayasahau, kama mtu anayeona mamake ameshika maji na hataki kumpa. Niliziba mdomo wangu kwa kitambaa cha kichwa. Nilikuwa nalia pia. Upepo ulitulia, na eluai ukanyamaza, na katika ploti yote hakukuwa na sauti isipokuwa ya huyo mtoto akidai jina lake.

Mkia wa mbwa ukasimama. Alibaki hivyo kwa kitambo, masikio juu, akitazama mti. Halafu kichwa chake kikageuka. Taratibu sana, kikauacha eluai, kikafuata njia, kikapita kamba ya nguo, kikafika mwanya wa tambarare. Kikarudi mtoni. Kikaanza tena.

Fundi alikuwa bado kwenye mwanya. Niliona anatoka pale, hatua za kando, bila kuambiwa, kama unavyompisha mwenye mzigo. Alianza kukunja kamba yake.

"Kumekuwa baridi," akasema.

"Acha wazi," nikamwambia. "Yote miwili."

Mtoto alilala mwenyewe baadaye, kwa uchovu, bila kuitwa. Binti yangu hakusema nami hadi siku ya pili. Nilimweleza yote, naye alinisikiliza huku akimtazama mbwa, na mwisho alisema tu kwamba usiku lazima mianya izibwe. Alikuwa na haki tena. Kwa hiyo ukuta umejengwa, na kwenye mianya fundi ametengeneza miti ya kuingiza na kutoa, kama ya boma la ng'ombe. Jioni hubaki wazi mpaka mbwa amalize, ndipo tunaiingiza kwa sababu ya fisi. Alfajiri mimi huitoa. Mwanangu alikuja kuona, akatikisa kichwa, akasema ameoa katika ukoo wenye akili na kuzaliwa katika huu.

Koko alirudi kuleta maziwa mwenyewe. Wanawe walisukumiza habari ya kufunga upande wa mto kwa waya kwa muda, kisha wakaiacha, kwa sasa.

Mvua zilipokuja, maua meupe yalitoka juu ya udongo mweusi. Asubuhi moja tulikuwa barazani, mimi na koko na chai, na mbwa akabweka. Alibweka kwa fujo, nywele za shingo zimesimama. Wale wengine hakuwahi kuwabwekea, kwa hiyo nilisimama upesi.

Alikuwa nyumbu mmoja. Dume, mzee, anachechemea mguu wa nyuma, matope hadi tumboni. Alisimama kwenye mwanya kando ya eluai, akanusa upepo. Kisha akaguna na kuingia. Alipita njia yote polepole, kando ya nepi za mtoto, bila kututazama, akatoka upande wa pili na kusimama mbele ya nyumba za kupanga akiwa hajui aelekee wapi. Aliposhika njia ya kichochoro kuelekea machimbo, koko alimnyooshea fimbo na kumtaja. Alimtaja kwa lile jina la Kimaasai ambalo sikuwa nimelisikia tangu siku ya waya, kwa sauti, wazi. Nikalirudia, naye akacheka nilivyolitamka.

Mtoto sasa anatambaa. Cheti chake kina jina la babu yake na shuleni watamwita hivyo, lakini mimi namwita "mume wangu," kama bibi yeyote wa kwetu anavyomtania mjukuu, naye hucheka na kuja mbio kwa magoti. Jina lenyewe sijalitamka tangu jioni ile, na humu ndani ya maandishi haya sikuliandika. Kuna siku linanijia mdomoni jua likishuka, nami nameza. Mbwa hautazami ule mti tena. Mimi ndiye ninayeutazama.